Bi Genoveva na Fangasi Aliyechelewa Kuota

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi Genoveva Mapunda anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu katika maabara ya hospitali yetu hapa Mbagala. Alikuja kijana kutoka Songea, akakuta hadubini moja yenye kioo kilichofifia. Anaondoka akiwa mkuu wa kitengo cha vijidudu.

Tuliofanya naye kazi tunamjua kwa ucheshi, na kwa ukali wa aina yake. Ukiweka soda kwenye friji la sampuli, hakufokei. Anaitoa, anaianika juani, kisha jioni anakuletea mwenyewe, ya moto, huku anatabasamu.

Lakini tutakalozidi kulisimulia ni la Kasiani, mchonga vinyago wa Madale. Alikuwa amekohoa na kukonda miezi mingi, akimeza dawa za kifua kikuu bila nafuu, ingawa makohozi yake hayakuonyesha ugonjwa huo hata mara moja. Daktari Projestus alipomdadisi, akagundua kwamba Kasiani alikuwa amezoa kinyesi cha popo darini kwake. Akashuku fangasi wa mapafu anayeishi kwenye kinyesi hicho. Alikata kipande cha tezi iliyovimba shingoni, akakileta maabara.

Fangasi huyo ni mgumu kumnasa. Akiwa ndani ya tezi ni mdogo mno hata kwa hadubini, kipimo cha haraka hatukuwa nacho, na akioteshwa huchukua wiki kadhaa. Dawa yake nayo ni kali kwa figo, hivyo daktari hakutaka kubahatisha. Sampuli ya kwanza ilivamiwa na ukungu wa kawaida, kama ule wa mkate uliolala. Ikabidi mgonjwa akatwe tena.

Mkewe, Editha, alikuja dirishani amechoka. "Dada, tunangoja nini tena?"

"Nangoja fangasi aote, mdogo wangu," alijibu Bi Genoveva. "Ile ya kwanza imeharibika, sikufichi. Hii naiangalia mwenyewe."

Hata Jumapili, akitoka kanisani, alipitia maabara kuhakikisha umeme upo. Baadhi yetu tulishauri chupa za kuoteshea zitupwe, maana hazikuonyesha kitu. Alikataa. Wiki ya tano ukatokea utando mweupe kama pamba, na hadubini ikathibitisha kuwa ndiye. Bi Genoveva alivua glovu, akakaa, akalia kidogo, kisha akampigia daktari. Kasiani alianza dawa siku hiyohiyo. Leo anachonga, na kwetu chupa za fangasi hazitupwi kabla ya wiki sita.

Bi Genoveva, asante kwa subira uliyotufundisha. Huko Kigamboni mtakakopumzikia, wewe na mumeo, mzee Stephano, tunawaombea afya na usingizi wa kutosha. Simu kutoka maabara ikiita, usikimbilie kuipokea. Ila tunakuomba uipokee.