Maisha ya Bi Kishungi, Mlezi wa Kuku wa Vidole Vitano

Ndugu, jamaa, majirani na wafugaji mliofika, asanteni kwa kuja kumsindikiza dada yetu mkubwa. Wengi wenu mlimjua kwa jina la Bi Kishungi, na yeye alilipenda kuliko lile la kwenye kitambulisho. Familia imeniomba mimi, mdogo wake, niwasomee habari za maisha yake.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa kwanza kati ya watatu wa mlinzi wa ghala na mshona nguo. Alizaliwa nyumbani, katika chumba cha nyuma kilichopakana na banda la kuku. Mama yetu alipoolewa alikuja na sanduku la nguo, cherehani ya mkono, na kikapu chenye jogoo na koo wawili, yaani kuku majike wa kutaga, aliopewa na mama yake. Walikuwa kuku weusi wenye kishungi cha manyoya kichwani na vidole vitano kila mguu, wakati kuku wa kawaida ana vinne. Hata miaka ile walikuwa adimu. Mama alikuwa akituambia, "Hawa mkiwamaliza, msiende kuwatafuta sokoni. Hawapo." Dada alilisikia neno hilo akiwa mdogo, na lilimkaa moyoni mpaka mwisho.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1964 katika shule ya msingi iliyokuwa karibu na ghala alilolinda baba, na alimaliza kidato cha nne mwaka 1974. Alikuwa mwanafunzi mzuri wa hesabu. Akiwa darasa la tatu alikwenda shuleni na kifaranga mgonjwa ndani ya mkoba, kwa sababu nyumbani hapakuwa na mtu wa kukipasha joto. Katikati ya somo kikaanza kulia. Mwalimu akauliza, "Nani huyo analia pii pii?" Dada akasimama, akajibu, "Ni mimi, mwalimu." Mwalimu akamwambia arudie. Akarudia vizuri sana, na kifaranga mkobani kikamjibu. Darasa zima lilikosa adabu siku hiyo, mwalimu akiwa wa kwanza.

Mwaka 1976 aliajiriwa posta, idara ya kupanga barua, na alifanya kazi hapo mpaka alipostaafu mwaka 2012. Wenzake wa posta wamefika leo na wanajua jinsi alivyokuwa. Alisimama mbele ya ule ukuta wa vijumba vya mbao vya kupangia barua, mikono ikienda yenyewe, mdomo ukisimulia habari za kuku. Mkuu wa idara alizoea kusema kwamba katika ofisi yake barua hazipotei, ila wafanyakazi wote wamejua kutofautisha pora na tembe, yaani kuku dume na jike ambao hawajakomaa, jambo ambalo halimo katika kanuni za posta.

Mama yetu alifariki mwaka 1981. Kuku wakabaki mikononi mwa dada, jogoo mmoja na koo wachache. Hapo ndipo alipoanza kazi ambayo wengi wenu mlimjua nayo, ya kuchagua na kufuatilia kuku wa mbegu kwa ajili ya maonyesho, bila kuiacha damu ya kuku wa mama ichakae.

Alihitaji mabanda manne, akamwita fundi seremala. Fundi alipima, akaandika kwa penseli ubaoni, kisha akasimama akikuna kichwa.

"Dada, kuku unawajengea vyumba vinne. Mimi fundi mwenyewe nakaa chumba kimoja."

"Basi ongeza cha tano," alisema dada. "Uhamie."

Fundi hakucheka. Aliuliza kama cha tano kitakuwa na dirisha. Walifunga ndoa tarehe 20 Agosti 1983, na Mungu akawajalia watoto wawili, binti aliyezaliwa 1984 na mwana aliyezaliwa 1988. Fundi yupo hapa, na anasema dirisha alilipata.

Utaratibu wa dada ulikuwa huu, na anayetaka kuuiga auige. Siku kifaranga alipoanguliwa, alimtoboa tundu dogo kwenye ule utando wa ngozi ulio kati ya vidole vya mbele. Kila mguu una utando mahali pawili, na miguu ni miwili, kwa hiyo kila banda lilikuwa na mahali pake pa alama. Tundu hilo lilibaki maisha yote. Ukimshika kuku wake yeyote, hata mzee wa miaka saba, ulijua mama yake alikuwa banda gani. Tembe walibaki banda la mama zao. Pora aliyechaguliwa alihamia banda linalofuata ili asipande mama na dada zake, na hakurudi kamwe kwao. Dada alipenda kuwaambia akina mama wa mtaani kwamba kuku wake wameoana kwa heshima kuliko watu.

Katika kuchagua hakuwa na haraka. Alikaa kwenye kigoda akiwatazama wakila, wakitembea, wakigombana. Ndipo alipomkamata mmoja na kumpapasa kidari, kumtazama jicho na kukunjua bawa. Alisema ukimkamata kuku kabla hujamtazama akitembea, utapenda manyoya yake tu.

Lakini alikosea mara moja. Aliagiza mwenyewe kwamba siku hii ikifika kosa hilo lisifichwe.

Mwaka 1994 banda la kwanza lilimtoa jogoo aliyeitwa Waziri, kwa sababu alitembea kama mtu mwenye walinzi nyuma yake. Alikuwa na kishungi kilichojaa, kifua kipana na weusi unaong'aa kijani juani. Alichukua ushindi wa kwanza wa maonyesho, akarudia mwaka uliofuata. Kila mtu alimwambia dada, jogoo kama huyu usimfungie banda moja. Dada akalegea. Alimwingiza Waziri mabanda yote manne, pamoja na la mama yake mzazi, na baadaye akamwacha kwa binti zake. Kwa muda vishungi vilikuwa vikubwa kama miavuli na vikombe vilijaa kabatini. Kufikia mwaka 1997 mayai yalikuwa hayaanguliwi. Vifaranga wachache walioanguliwa walikuwa na vidole vilivyopinda, na wengine hawakuweza kusimama.

Mwaka huo chama cha wafugaji kilimwita mbele aeleze siri ya ushindi wake. Alipanda jukwaani akasema, "Nimempa jogoo mmoja mabanda yote. Nimewaharibu kuku wa mama yangu. Msinipigie makofi." Akashuka.

Ilibidi apate damu ya zamani, ya kabla ya Waziri, na pengine haikuwepo tena. Kuku aliowaondoa kwenye mbegu miaka ya nyuma, kwa sababu ya kishungi kidogo au unyoya mweupe, aliwagawa kwa watu akiwaambia ni wa sufuria, na watu walimtii. Akabaki na tumaini moja, wifi yake, dada wa fundi, mpishi wa hospitali. Wale mawifi wawili walikuwa wakirushiana maneno tangu siku ya harusi. Fundi alikwenda naye, na ndiye aliyetusimulia.

Wifi alikuwa uani akipepeta mchele. Alimwona, akaweka ungo chini.

"Heh! Malkia wa vikombe leo kwangu! Umepotea njia?"

"Wifi, nimekuja na shida. Wale kuku niliokupa..."

"Wale wa sufuria?"

"Hao hao. Uliwala?"

"Si ulisema ni wa sufuria?"

Fundi anasema dada alikaa chini pale pale, penye pumba. Ndipo wifi alipocheka mpaka akashika nguzo. "Inuka, wifi, usijichafulie gauni. Mimi napika siku nzima kazini, nirudi nyumbani ninyonyoe kuku? Wapo nyuma, wamezaliana. Njoo uwaone hao makapi wako."

Walikuwa wanachakura nyuma ya jiko. Dada aliwakamata koo wazee akawakagua miguu, na alama zake zilikuwepo. Majirani wa wifi walifuga bata tu, kwa hiyo hapakuwa na jogoo mgeni aliyeingia. Aliomba jogoo mmoja na koo wawili. Wifi alikubali, kwa sharti moja.

"Huyo jogoo utampeleka maonyesho. Usimfiche. Na jina lake ni Sufuria."

Dada alimpeleka. Sufuria alikuwa na kishungi kama brashi ya viatu iliyochakaa. Mwamuzi alisimama mbele ya kizimba, akamtazama jogoo, akamtazama dada.

"Bi Kishungi, huyu kweli ni wako?"

"Ni wangu. Mweke wa mwisho, mzee. Andika, upite."

Dada alisimama pale siku nzima, na kila aliyecheka alielezwa kwa nini jogoo yule amekuja. Mwaka 1999 mayai yalianza kuanguliwa tena kama zamani, na vifaranga walisimama sawasawa. Ilichukua miaka mingine mitano kuvirudisha vishungi, na vilirudi. Leo kuna wafugaji katika miji mingi wenye kuku weusi wa vidole vitano, na wote wametoka kwenye yale mabanda manne. Tangu mwaka ule yeye na wifi yake waliendelea kurushiana maneno, lakini kila msimu wa kuchagua walikaa kwenye vigoda pamoja.

Mwaka 2015 marehemu aligundulika kuwa na kisukari. Alijitahidi na dawa na chakula, lakini kufikia 2020 macho yalipungua sana, na mwaka jana figo zikaanza kushindwa. Hakuogopa kufa. Alichoogopa alikisema wazi: kwamba atakayebaki na kuku ataona aibu kukataa watu, kama yeye alivyoona aibu wakati wa Waziri, na safari hii kwa wifi hakuna kuku wengine.

Mwezi Aprili mwaka huu 2023 alimwambia binti yake achague mbegu peke yake. Binti alichagua, kisha akamletea kitandani pora mmoja. Dada alimpapasa kidari na mabawa, akauliza.

"Huyu anakwenda banda gani?"

"La tatu. Mama yake yuko la pili."

"Na yule mwenye kishungi kikubwa, wanayemsifu wote?"

"Kishungi kinamziba macho, mama. Anagonga ukuta. Ataenda maonyesho, akirudi ana kizimba chake peke yake. Bandani haingii."

"Mwenyekiti wa chama alikuja hapa kumwombea nafasi."

"Alikuja na kwangu. Nilimpa chai."

"Na mimi nikikwambia umwingize?"

"Nitakupa chai na wewe."

Dada alicheka mpaka muuguzi aliyemhudumia nyumbani akaja kuangalia kuna nini. Kuanzia siku hiyo hakuuliza tena habari za mabanda. Aliuliza habari za wajukuu, za fundi kama amekula, na za wifi kama amepata nauli ya kuja. Alifariki tarehe 9 Juni 2023 alfajiri, hospitalini, fundi akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sitini na sita.

Marehemu ameacha mume, binti na mwana, mkwe mmoja, wajukuu wanne, wadogo zake wawili, na wifi yake, ambaye ameomba iandikwe kwamba bado hajamaliza kumjibu. Jana, watu wakiwa wamejaa uani, mfugaji mmoja alimfuata binti msibani akamwuliza kwa upole kama sasa yule jogoo mwenye kishungi kikubwa anaweza kuingizwa bandani, angalau kwa heshima ya mama. Binti alifuta machozi, akamwambia hapana, akamkaribisha chai.

Dada yetu, kazi imepokelewa. Pumzika.