Kahawa ya Idjwi kwa Jina Lake: Maisha ya Maman Ghislaine M'Namegabe

Ndugu wafiwa, wakulima mliovuka ziwa kuja kutusindikiza, familia imeniomba niwasomee maisha ya Maman Ghislaine, kama mume wake, Papa Barthélemy, alivyoyaandika.

Ghislaine alizaliwa Walungu tarehe 14 Aprili 1976, mtoto wa tatu wa Papa Déogratias, mnunuzi wa dhahabu, na Maman Emérence, mkulima. Alisoma shule ya msingi Walungu, akapata diploma ya taifa hapa Bukavu mwaka 1995 na shahada ya kilimo mwaka 2002, na baba yake alipomuuliza kwa nini aache dhahabu akanuse kahawa, alijibu: "Kwani papa, dhahabu banaikunywaka asubuhi?" Muzee alicheka mpaka akatafuta kiti.

Tarehe 12 Julai 2003 alifunga ndoa na Barthélemy, Mungu akawajalia Fabiola na Héritier.

Mwaka 2011 alitumwa kikazi kisiwani Idjwi, katika Ziwa Kivu, akakuta wakulima wakivusha kahawa kwa mitumbwi hadi nchi jirani, ambako iliuzwa kwa jina lisilo lao, na wengine walizama njiani. Alijenga nao kituo cha kuoshea kahawa, akawa mwonjaji wao wa kupima ubora wa kahawa, akiivuta kutoka kwenye kijiko kwa mlio uliowachekesha wageni.

Juni 2024 alipatikana na saratani ya koo, dawa zikamwondolea ladha, wakati mnunuzi wa ng'ambo alikuwa anasubiri alama za ladha za kontena la kwanza lenye jina la Idjwi, ambalo kama lingekataliwa wakulima wangerudi kwenye mitumbwi. Ghislaine hakubuni alama. Aliweka kijiko chini, akamwambia mwanafunzi wake Mélanie: "Onja weye, miye nitasikiliza." Alifumba macho, akamrudisha kwenye kijiko mara nne: "Vuta na nguvu! Unakunywa sawa mugeni!" Mélanie aliandika themanini na sita kwa mia, mnunuzi naye akaonja sampuli aliyotumiwa, akapata themanini na sita.

Jumatatu tarehe 4 Novemba lori lenye kontena hilo likaondoka Bukavu! Ghislaine alishikwa mkono hadi barabarani, akaligonga ubavuni kwa kiganja, akapiga vigelegele ambavyo hakuna aliyedhani koo lile lingeviweza, wakulima wakavipokea, dereva naye akapiga honi mpaka kwenye kona.

Alifariki tarehe 18 Novemba, saa mbili asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika siku zote hizi, na wenzake wa kazi. Kahawa mtakayopewa baada ya mazishi ni ya mavuno yaleyale, na Barthélemy anawaomba muivute kwa sauti, bila haya.

Ghislaine, jana kontena lilifika Mombasa. Pumzika kwa amani.