Kitanda Kisicholaliwa

Hebu vuta picha, msomaji wangu. Ni Ijumaa alasiri, Januari ya mwaka 2014, mjini Al Wakrah, kusini mwa Doha, majira ambayo jua la Qatar hukumbuka adabu na mtu akaweza kukaa nje bila kuiva. Ubavuni mwa duka dogo ambalo huko huitwa bakala, pana ubao mrefu uliolazwa juu ya kreti nne za maziwa. Wenyewe wanauita Ofisi Ndogo, kwa kuwa kila lililoshindikana ofisi kubwa huletwa pale. Katikati amekaa Arafa, Mzanzibari, mpishi katika nyumba ya Waarabu. Wanamwita Mama Dele, maana dele la kahawa ni lake na bila yeye hakuna kikao. Kulia kwake yuko Onyango, mlinzi wa mnara mmoja kule West Bay, jina la kijiweni Wakili, kwa sababu aliwahi kulinda mlango wa ofisi ya mawakili Kisumu kwa miezi minane. Kushoto yuko Philipo wa Mwanza, dereva, aitwaye Methali. Huzitoa methali kama mtu anayetoa chenji gizani, hajui ametoa ipi. Na mwisho kabisa wa ubao, mguu mmoja ndani mguu mmoja nje, amekaa Idrisa wa Pangani. Yeye ni Kona. Miaka kumi na moja anatandika vitanda katika hoteli ya nyota tano, na kona za shuka zake, wanasema, zinaweza kukata nyanya.

Siku hiyo Kona hakunywa kahawa. Mfukoni mwa shati lake mlikuwa na barua.

— Hebu isome tena, alisema Onyango. Pole pole. Hii ni maneno ya sheria.

Idrisa hakuitoa. Alikuwa ameshaihifadhi kama mtoto aliyeihifadhi sura fupi ya chuoni.

— “Chuo cha Limoges, Ufaransa, kimetuarifu kwamba hukulala katika hoteli uliyopangiwa usiku wa kwanza, wa pili na wa tatu wa mafunzo. Fika ofisini Jumapili saa mbili asubuhi ueleze ulikuwa wapi.”

— Basi?

— Basi. Na muhuri.

Kila mwaka hoteli yake ilimchagua mfanyakazi mmoja bora na kumpeleka masomoni siku tano. Mwezi wa Novemba zamu ilikuwa yake. Alikwenda, akarudi na cheti, na kikombe kimoja cha kauri cha kumpa Mama Dele. Jumapili hiyo ndiyo alitarajiwa kutangazwa msimamizi mpya wa ghorofa ya kumi na nne, na kila mtu alijua kuwa ni yeye. Sasa huko kazini walinong'ona jambo jingine: Idrisa alikwenda kutafuta njia ya kutorokea Ulaya, akaikosa. Mtu wa namna hiyo hapewi ghorofa. Hupewa tiketi ya kurudi kwao.

— Na ulilala? aliuliza Arafa, akijimiminia kahawa katika kile kikombe cha Limoges.

— Nililala, Bi Arafa. Wallahi nililala. Siku zote tatu.

— Ulilala fofofo ama ulilala tu? alidakia Onyango.

— Kuna tofauti gani?

— Kortini kuna tofauti, bro.

Philipo alikohoa. Alipokohoa hivyo, wote walijua kinachokuja.

— Kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake.

— Hapo! Wakili aliruka hadi ubao ukalia. Leo Methali ameongea. Kona, kunguni walikuwepo?

— Hapakuwa na kunguni.

— Hata mmoja?

— Palikuwa pasafi.

— Hata kamoja kadogo, kakakuuma hapa shingoni?

— Nakwambia palikuwa pasafi, Wakili!

— Basi hatuna shahidi, alisema Onyango, akaketi kwa huzuni. Hoteli safi ni mbaya sana kwa kesi.

Arafa aliwatuliza kwa kiganja.

— Mwacheni atueleze hiyo hoteli. Tunahukumu nyumba tusiyoijua mlango.

Idrisa akaeleza. Ilikuwa hoteli ya bei nafuu, karibu na stesheni ya treni, imebanwa katikati ya duka la mikate na fundi baiskeli. Lifti yake ilibeba mtu mmoja na nusu. Chumba chake kilikuwa namba kumi na moja, ukutani karatasi za maua ya manjano, dirishani reli. Mwenye hoteli alikuwa mzee mwenye mbwa, lakini hayo aliyajua siku ya nne. Saa tatu usiku mzee alifunga meza yake akaenda kulala. Aliyechelewa alibonyeza namba za siri mlangoni, kisha akafungua kisanduku cha ukutani na kuchukua ufunguo. Asubuhi anaurudisha mle mle.

— Na wewe ulichelewa? aliuliza Onyango.

— Kila siku. Ndege ilinifikisha usiku. Kisha chuoni tulikuwa tunapika wenyewe na kula huko huko, tukimaliza ni saa tatu na nusu.

— Na asubuhi mzee hakukuona?

— Mzee anafungua saa moja. Mimi saa kumi na mbili nilikuwa barabarani.

— Masomo yanaanza saa ngapi?

— Saa mbili.

— Na chuo kiko mbali?

— Dakika kumi kwa miguu.

Hakuna aliyeshangaa. Kila mmoja pale ubaoni alikuwa mtu wa kusubiri basi la kampuni gizani. Kufika mapema kwa saa mbili nzima, kwao ni kufika kwa wakati.

— Siku ya nne nikatoka chuoni mapema, aliendelea Idrisa. Mzee kuniona akapiga makofi. “Karibu, karibu! Tumekungoja tangu Jumapili!” Mimi nikadhani ndiyo desturi yao, nikamshukuru.

— Ukamshukuru, alirudia Onyango. Mteja wangu alimshukuru shahidi wa upande wa pili.

Arafa alishusha kikombe.

— Nikwambieni kitu? Hoteli isiyo na mtu mlangoni ina mwenyewe. Mie nasema huyo ndiye aliyekuwa akizifuta nyayo za mwanangu. Wewe ukitoka, yeye anapita nyuma anasawazisha.

— Jini? Jini wa Kifaransa, Mama Dele?

— Majini hawana pasipoti, Wakili.

— Si jini, alisema Philipo. Ni biashara. Mnakumbuka chumba chetu cha kwanza kule Industrial Area? Wa mchana anatoka, wa usiku anaingia, godoro halipoi. Wale wamekiuza kitanda mara mbili. Wakaona wakikiri kwamba Kona alilala, yule wa pili atauliza mbona shuka ina joto. Mwenye shoka hakosi kuni.

— Shoka imeingilia wapi hapo?

— Inaingia tu. Fikiria.

— Wacha mimi niwashow, alisema Onyango, akisimama. Hii dunia sahi ni ya mashine. Chini ya godoro wameweka mzani. Ukilala, kompyuta inaandika: mtu. Kona, uko na kilo ngapi?

— Hamsini na mbili.

— Imeona, kompyuta? Haijaona! Huko wamezoea watu wa jibini. Kilo hamsini na mbili kwao ni blanketi. Mteja wangu amehesabiwa kama blanketi, na kwa hiyo tunadai...

— Wakili, mudir wa hoteli ananiuliza nilikuwa wapi. Siwezi kumwambia nilikuwa blanketi.

Ndipo zikaanza kutolewa dawa. Philipo alishauri aseme alikuwa msikitini anakesha, hakuna bosi Doha atakayemgombeza mtu kwa kukesha msikitini. Arafa akasema hapana, uongo wa ibada una deni, bora aseme aliugua. Wakili yeye alikuwa tayari na maandishi: “Mteja wangu hakubali wala hakatai kwamba alilala, ila alijinyoosha sakafuni kwa heshima ya kitanda.” Idrisa alizisikiliza zote. Ile ya sakafuni ilimkaa vizuri, ilikuwa na unyenyekevu ambao wakubwa huupenda. Akajikuta anaijaribu moyoni, kama mtu anayejaribu viatu vya mwenzake: vinabana, lakini vinang'aa.

Hapo akatokea msichana mwenye mtandio wa bluu, ameshika mkate na vocha ya simu. Alikuwa Nafula wa Bungoma, wiki yake ya tatu Qatar, mfanyakazi wa nyumba ya tatu kutoka pale. Arafa alikuwa amemwona juzi akilia nyuma ya ukuta, akamwambia Ijumaa aje.

— Shikamoo mama. Hamjambo wote.

— Marahaba, mwanangu. Sogea, kunywa. Tuna kesi.

Wakamweleza kesi, watu watatu kwa pamoja, jini, biashara na mzani. Nafula alikunywa kahawa yake kimya, akitazama Idrisa tu.

— Samahani, kaka. Asubuhi ukiamka, nani alikuwa anakutandikia?

— Kutandika? Nilitandika mwenyewe.

— Kila siku?

— Utatokaje chumbani na kitanda kiko wazi? Nilitandika. Kona nne, mto nikausimamisha.

— Na taulo zao?

— Sikuzigusa. Nilikwenda na yangu. Zile nyeupe ni za wageni.

Hakuna aliyecheka. Idrisa aliendelea, kwa sauti ya mtu anayejitetea bila kujua anashitakiwa kwa nini.

— Sinki nililikausha. Bafu nililipangusa. Karatasi ya chooni niliikunja pembe tatu, kama inavyotakiwa. Begi kabatini. Na taka zangu nilitia mfukoni, nikazitupa pipa la barabarani. Nifanyeje, niwaachie uchafu watu wa watu?

— Mayo! alisema Onyango polepole. Umejiosha mpaka ukaisha.

— Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, alisema Philipo. Wewe ulishika jembe hujavua viatu.

Ilikuwa methali ya kwanza kuketi mahali pake tangu Philipo aingie Qatar, na hakuna aliyeitambua, hata yeye.

Idrisa alikuwa mbali. Aliuona ukumbi mwembamba wa hoteli ile, na mwanamke asiyemjua anakuja na kigari chake cha shuka. Anafungua namba kumi na moja. Anaangalia kitanda, anaangalia taulo, anagusa sinki kwa kidole: kavu. Anachukua karatasi yake ya zamu. Idrisa alilijua neno analoandika, kwa kuwa yeye mwenyewe ameliandika miaka kumi na moja katika karatasi kama ile, wakati mwingine hata bila kuingia, akichungulia tu mlangoni. Hakikulaliwa. Wiki nzima amemlaani aliyemchongea, yeyote yule. Kumbe aliandika alichokiona.

— Lakini, kaka, alisema Nafula, na hakuwa anatania, ulikuwa mgeni, sindio? Chumba kilikuwa chako. Mbona basi hukukaa kama mgeni?

Wakili akatazama ndani ya kikombe chake. Idrisa alivitazama viganja vyake, vyeupe kwa miaka ya sabuni. Arafa aliinamisha dele ili ampe mtu kahawa, yeyote yule. Lilitoka tone moja, kisha machicha.

— Khalas, alisema. Imekwisha.

Wakaondoka mmoja mmoja, bila kuagana sana.

Jumapili saa mbili Idrisa aliingia ofisini bila msikiti, bila homa, bila sakafu. Alimwambia mudir kwamba alilala, na kwamba hana shahidi. Kisha akaomba chumba kimoja na dakika ishirini. Mudir alikuwa mtu wa haraka, lakini ombi lilikuwa geni, akakubali. Wakapanda hadi ghorofa ya kumi na nne. Mbele ya macho ya bosi wake, Idrisa alivua viatu, akapanda juu ya kitanda cha wageni wa hoteli hiyo kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja, akajifunika shuka mpaka kidevuni, akageuka huku na kule. Akashuka. Akanawa uso, akapangusa sinki, akatandika, akasimamisha mto. Wakatoka nje, wakamwita mkaguzi wa ghorofa, mwanamke mkali ambaye jicho lake huona unywele juu ya zulia. Mudir akamwambia aingie peke yake aandike alichokikuta.

Alitoka baada ya dakika mbili. Katika karatasi palikuwa na neno moja: hakikulaliwa.

Mudir aliisoma ile karatasi mara mbili. Akaingia, akaketi ukingoni mwa kitanda, akaitoa barua iliyotoka chuo cha Limoges na kuandika chini yake, “Imeelezwa,” akatia sahihi. Tangazo la msimamizi mpya, alisema, lingetoka adhuhuri kama lilivyopangwa. Kisha akainuka. Pale alipokuwa amekaa pakabaki mkunjo mdogo kwenye shuka.

Mkono wa Idrisa ulifika kabla ya akili yake. Ulikuwa umeshaunyoosha nusu alipomkumbuka Nafula. Akausimamisha. Akautazama ule mkunjo uliobaki, kwa shida kubwa, kama mtu anayezuia chafya. Kisha akafunga mlango, akauacha.

Nami nakuomba ukumbuke jambo moja tu, dogo. Siku utakapolala mahali ulipokaribishwa, ukiamka usijifute wote. Acha mkunjo mmoja. Kuna mtu anakuja nyuma yako na karatasi mkononi, naye ataandika atakachokiona.