Pua ya Sanduku na Picha ya Mkurugenzi: Risala ya Wachimba Kombe wa Ras Shwiki

Mgeni rasmi, Bwana Nejib, Mkurugenzi wa Fukwe,

Sisi wanawake wa Ras Shwiki, tunaochimba kombe, chaza wa mchangani, hapa Ghuba ya Gabes, tunakukaribisha. Uliahidi kuja mara tatu na leo umefika kweli, tena na mpiga picha. Kahawa ipo, na mkate wa shayiri ndio kwanza umetoka tanurini.

HISTORIA

Wakati wa baridi ofisi yako ilifunga ufuo, ikasema maji yana sumu. Hatukubisha. Ikaagiza yapimwe siku saba mfululizo bila pengo, ndipo tuchimbe. Mpimaji wenu alikuja siku moja, akalowa viatu, hakurudi. Hapo mhandisi Wissem, mwana wa mwenzetu Bi Tibra, akaunda mashua isiyo na nahodha: inakwenda yenyewe, inapima, inatuma namba kwa redio.

Sanduku la mitambo alilikaza kwa mpira na skrubu kumi na mbili, akajisifu kwamba hata jini angebisha hodi. Siku ya pili mitambo ilikuwa imeogelea. Mama yake, aliyepika kuskusi kwa mvuke miaka arobaini, akamwambia, "Mwanangu, chombo kilichopata joto kikipoa kinavuta pumzi. Usipokipa pua, kitavuta bahari."

Wissem akasema mama hajui umeme.

"Siujui," akajibu, "ila huo uliolowa ni wa kwako."

MAFANIKIO

Basi sanduku jipya likapata pua: tundu dogo upande wa chini, limezibwa kwa utando unaopitisha hewa na kukataa maji. Tukalipaka rangi nyeupe lisichemke. Betri kubwa ikashushwa tumboni mashua isiyumbe, na ndogo ikatengwa kwa ajili ya redio tu, ili mota ikimaliza chakula chote, mashua iweze angalau kusema iko wapi. Paneli ya jua ikalala juu, wazi. Namba zikaja siku nne bila pengo.

CHANGAMOTO

Changamoto yetu, Mheshimiwa, ni wewe. Tunasema kwa heshima.

Siku ya tano watu wa ofisi yako walileta picha yako, upana wa mlango, wakatoboa kifuniko cha sanduku matundu manne na kuisimamisha kando ya paneli. Bi Tibra aliwauliza kama siku hizi kombe wanapiga kura. Wakasema ni maagizo. Kufika alasiri, kivuli cha shavu lako kilikuwa kimelalia paneli, na paneli ya jua ikifunikwa kona moja hulegea yote. Mota ikazimika. Matundu manne yakanywa maji, na redio nayo ikafa. Ofisi hiyohiyo ikaturudishia fomu: siku zina pengo, anzeni upya. Tukaziba matundu, tukakausha mitambo, tukaanza upya bila picha.

Msimu unakwisha Jumamosi. Sisi ni wanawake sitini na wawili, na tangu baridi hatujachimba hata beseni moja. Hakuna nafasi ya kuanza tena.

OMBI

Jana ofisi ilipiga simu kwamba picha irudishwe kwa ajili ya sherehe. Utusamehe. Kilicho mbele yako chini ya utepe ni lile sanduku la kwanza, lililoogelea. Tumelipaka rangi, litoboe upendavyo. Mashua yenyewe iko baharini tangu alfajiri, na leo ni siku ya saba. Namba ya mwisho inaingia saa sita, kwenye redio hii, mpiga picha wako akiwa shahidi. Ikiwa njema, karatasi ya kufungua ufuo iko mezani na kalamu ni hii.

Picha hatukuitupa. Tumeilaza juu ya mabeseni yetu, kombe wakija wasipigwe na jua. Kivuli chako ni kizuri, Mheshimiwa, kilikosea mahali tu.

Mungu akupe afya, macho ya kusoma namba na mkono mwepesi wa kusaini. Sasa ni saa sita kasoro dakika nane. Tunaomba usiondoke.

Ni sisi,
Chama cha Wanawake Wachimba Kombe, Ras Shwiki
Imesomwa na Bi Mbarka, mwenyekiti