Kaunsela wa Crescent Town

Benchi letu liko mbele ya duka la dawa hapa Crescent Town, ughaibuni, kaskazini mwa mpaka wa Marekani, na mwenye haraka zake asikae. Tuko watatu wa kudumu. Cajetan, Mgoa wa Nairobi aliyekuwa karani wa reli, tunamwita Stesheni. Kahawa ya chupa ni yake, kwa hiyo tunamvumilia. Dilawar, Muismailia wa Mwanza, tunamwita Jumla, maana aliuza bidhaa kwa jumla na hata hasira zake hauzi rejareja. Mimi ni Januari wa Morogoro. Wananiita Chumvi na sijui kwa nini. Jumamosi moja ya Mei 2011 tulikuwa na kesi kubwa. Shenaz, mjukuu wa Dilawar, binti wa miaka kumi na tisa, alikuwa amepata kazi ya kiangazi Marekani, jimbo la Vermont, kwenye kambi ya watoto. Kazi yenyewe ni kulala nao kwenye vibanda vya mbao kando ya ziwa, kuwafundisha kuogelea na kuwaimbisha. Kaunsela, ndivyo wanavyomwita. Mama yake alisema babu akikubali, sawa. Kambi ilitaka jibu kabla ya jioni, na babu alikuwa amenuna tangu asubuhi.

Cajetan akatokea anakokota sanduku la bati kwenye kigari cha sokoni. Alilipata Mtaa wa Gerrard. Kwenye kifuniko aliandika SHENAZ kwa rangi nyeupe, na ndani alipanga ndoo, blanketi la kijivu, kufuli mbili, sukari, siagi ya kopo na unga wa kuua viroboto. Kila kitu cha shule ya bweni, kasoro kiranja.

— Nani amesema anakwenda? akauliza Dilawar.

— Mimi najitayarisha tu, Jumla. Na bila kufuli sukari itaibwa usiku wa kwanza, hiyo nakuhakikishia.

Shenaz, aliyekuwa amesimama pale na simu yake mkononi, akaeleza kwa Kiingereza kwamba kambi haina wezi wa sukari na chakula kipo tele. Huyu mtoto Kiswahili anakisikia chote, ila hukijibu kwa Kiingereza siku zote. Cajetan alimtazama kwa huruma. Alisema hata wao bwenini waliambiwa chakula kipo.

Dilawar akasema anachotaka kujua ni kitu kimoja: mzungu mwenye nyumba ya vyumba vitano anampelekaje mwanawe akalale porini, tena kwa kulipa. Hapo ndipo benchi lilipochemka. Cajetan alishikilia kwamba nyumba za Marekani zina joto mno, damu ya watoto inalegea, kwa hiyo kila kiangazi wanapelekwa kuumwa na mbu ili ikaze. Nilimwambia hajui kitu. Wanaochukua likizo ni wazazi, wanawakimbia watoto kihalali. Cajetan akaniuliza mbona basi wanawapeleka ziwani. Kwa kuwa sipendi kushindwa na mtu wa reli, nikasema marais wote wa kule hupikwa kambini. Anayewasha moto kwa kuni mbichi anawekewa alama, na miaka arobaini baadaye anatafutwa.

— Na anayeshindwa kuwasha? akauliza Cajetan.

— Anakuwa seneta.

Shenaz alicheka mpaka akakaa juu ya sanduku. Dilawar hakucheka.

— Nyinyi mnacheza, alisema. Mimi nilipelekwa bweni Dar nina miaka minane. Nililia mpaka shuka likaloa. Huyu nimemlea mimi, mama yake akiwa kazini. Simpeleki mahali pa kulia.

Cajetan alimmiminia kahawa, maana tulimpenda. Ndipo alipofika Milagres, dada yake Cajetan, aliyekuja juzi kutoka Mombasa kutembea. Alisalimia, akapewa kahawa, akalitazama sanduku, akatutazama sisi. Akamgeukia Shenaz.

— Mwanangu, watoto wenyewe wana miaka mingapi?

Shenaz alionyesha kwa vidole: saba, minane.

— Basi mmoja akiamka usiku anamlilia mamake, anaambiwa nini?

Swali hilo tulilipokea kama wanaume, yaani kila mmoja alijisemea yake. Cajetan alisema yeye aliambiwa anyamaze. Mimi niliambiwa nitazoea. Dilawar alisema hakuambiwa kitu, hakuna aliyekuja.

Shenaz alifikiri. Kisha akasema kwa Kiswahili, pole pole, akiyatafuta maneno moja moja:

— Nitamwambia, mimi pia nataka nyumbani. Tutalia wawili kidogo. Halafu nitakaa na yeye mpaka alale.

Sijawahi kujivunia mtoto wa mtu mwingine namna ile. Dilawar alimtazama kama vile ndiyo kwanza anaona urefu wake. Siku zote alikuwa akimwaza yule anayelia, na kumbe binti alikuwa amekwisha kuwa yule anayekuja.

— Wapigie, alisema. Waambie unakwenda.

Alipiga pale pale. Tulimsikia akisema ndiyo mara nyingi, na Milagres akampigia vigelegele vya Mombasa mpaka mwuza dawa akatoka kuchungulia. Dilawar alimwomba asikate simu kwanza.

— Waulize siku ya kutembelewa ni lini.

Shenaz aliuliza, akasikiliza, akatujibu. Ipo, Jumapili moja mwezi wa saba. Wazazi wanakuja kuwaona watoto wao.

— Na kaunsela, anatembelewa na nani? akauliza babu.

Huyo wa Vermont kule kwenye simu alisema ngoja akaulize. Shenaz alisema labda hawajawahi kuulizwa. Cajetan alikwisha toa kalamu, anapiga hesabu ya barabara hadi mpakani. Milagres alisema kuku wa kula njiani aachiwe yeye kumpika. Mimi nilidai kiti cha mbele cha gari kwa sababu ya magoti, tukaanza kugombana upya. Dilawar hakugombana na mtu. Alikuwa analia wazi wazi mbele ya duka la dawa, na mjukuu wake amekaa naye.