Uvimbe wa Utosini wa Dada Yetu Wayua

Mchungaji, wazee, akina mama, na nyote mliopanda milima hii ya Kilungu, mimi ni Nzomo, kaka mkubwa wa marehemu, na haya nitakayosoma sikusimuliwa na mtu, yote niliyaona kwa macho yangu, hata kuzaliwa kwake.

Wayua alizaliwa Ikutha tarehe 9 Aprili 1974, nikiwa na miaka mitatu, na ni mimi niliyekimbia kumwita mkunga, na mtu asiyeamini, shauri yake. Alisoma hukohuko hadi darasa la nane, mimi nikaachia la tano, si kwa kukosa akili.

Tarehe 11 Desemba 1993 aliolewa hapa na Munyao, wakabarikiwa na binti, Mumbua, mwaka 1995, kisha akawa mpishi wa shule ya msingi, na maji ya jikoni aliyabeba mgongoni kutoka mtoni, ukanda wa mtungi ukipita utosini, kama mama zetu wote.

Mwaka 2016 alipasuliwa shingo, akatolewa tezi yenye kansa, tukaambiwa arudi kliniki, lakini alipopata nafuu akarudi jikoni, nasi tukasahau. Agosti 2023 uvimbe ukamtokea utosini, palepale ukanda unapokaa, na hapo midomo ikaanza, wakamwambia mume wake sokoni Nunguni, "Munyao, bibi si punda!", naye akaukata ule ukanda kwa panga, akawa anachota maji mwenyewe, wanaume wakimcheka, na mimi nilicheka kuwashinda.

Februari 2024 niliwapeleka Nairobi, Wayua akanyweshwa iodini yenye mionzi, ambayo hufuata chembe za tezi popote zilipojificha, baadaye akalazwa chini ya mashine inayopiga picha mwili mzima, na picha ikatoka na doa jeusi utosini na lingine kwenye nyonga. Daktari alisema, nikiwa mbele kabisa, kwamba ile kansa ya shingo ilisafiri kwa damu ikakaa kwenye mifupa, jambo la nadra, wala si mzigo ulioileta. Munyao akauliza, "Hata mzigo wa miaka ishirini, daktari?" akajibiwa, "Hata wa maisha yote, mzee."

Alitibiwa, akadhoofika, akatuacha nyumbani tarehe 3 Machi mwaka huu, na neno lake la mwisho kwangu lilikuwa, "Kaka, waambie watu wa kwetu si Munyao." Nasoma hilo kwa sauti kwa sababu jana ukoo wetu wa Ikutha ulikaa, ukasema shemeji asiguse udongo wa kaburi hili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliolala hapa nasi, na wapishi wenzake, waliompikia uji hadi aliposhindwa kumeza. Munyao ndiye atakayetangulia kutupa udongo. Lala kwa amani, Wayua wetu.

Ila wazee, lile neno la mwisho nimelitunga mimi, kwa maana wiki ile sauti ilikuwa imemwisha kabisa, alimshika Munyao mkono tu, na hakuuachilia hadi tulipomfungua vidole.