Watoto Thelathini na Nane Walioenda na Ng'ombe

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Diwani Bedan Mulinge, mwalimu mkuu, wazee, wazazi wenzetu wa Kitengela, na nyinyi watoto mmekaa kwa nyasi: supai! Akina mama, takwenya!

Sisi wazazi na wanafunzi wa zamani wa Shule ya Msingi Olkeju tumefurahi leo, Machi 25, 2006, mpaka hatujui tuanzie wapi. Tumeambiwa tusome polepole. Tutajaribu.

ULIVYOFIKA KWETU

Mheshimiwa, kuna majirani hapa wamehamia juzi, wanakujua kwa picha za kampeni peke yake. Wacha tuwaambie. Ulishuka hapa Januari 1991, kijana kutoka Machakos, na sanduku moja la mbao. Ploti hazikuwa. Ilikuwa nyasi, pundamilia na shule ya mabati, madarasa manne.

Asubuhi ya kwanza watoto walikuja mmoja mmoja wakakuinamishia kichwa. Wewe ukafikiri ni ukaguzi. Ukashika kichwa cha wa kwanza, ukakigeuza huku na huku, ukasema, "Huyu ni safi. Mwingine!" Ulikuwa umefika wa kumi na moja wakati mzee Lesiamon, mwenyekiti wa kamati ya shule, alishindwa kujizuia.

"Mwalimu, unatafuta nini huko?"

"Chawa, mzee. Si ndio wananionyesha?"

"Woi! Hao wanakusalimia! Weka mkono juu ya kichwa, basi, uwache kuchimba!"

Hapo ndipo ulipata jina Mwalimu Safi. Na mwaka wa tisini na saba, ulipowacha chaki ukasimamia udiwani, hatukuhitaji kampeni nyingine. Mkamba kati ya Wamaasai, na ulishinda! Mama zetu walikuwa wanaulizana kwa laini, "Unapea nani?" "Kwani kuna mwingine? Si ni Safi!"

VILE ULIKUWA UNAITA REJISTA

Kabla ya siasa, kuna kitu ulitufanyia na hatujawahi kukushukuru sawasawa. Mwaka wa tisini na sita mvua ilikataa. Familia zikahama na ng'ombe, watoto nyuma yao. Msichana mmoja, Nashipae, alikuwa darasa la sita. Alitembea na baba yake mpaka ng'ambo ya Bisil, miezi minne, na usiku alikuwa anajifanyia hesabu kwa kichwa ili asisahau. Alijua akirudi hatakuwa na nafasi. Dada yake mkubwa ilimtokea hivyo kwa shule ingine, na shule yake ikaishia hapo.

Hakujua kwamba huku kila asubuhi ulikuwa unaita, "Nashipae!" na sisi darasa lote tunajibu, "Yuko na ng'ombe!" Siku moja inspekta alikupata.

"Mwalimu, unaita watu hawako?"

"Wako, bwana inspekta. Ni vile wako mbali."

Nashipae aliporudi alisimama mlangoni, miguu imejaa vumbi, akiogopa kuingia. Wewe hukuinua hata macho. Uliita jina lake. Akasema, "Niko." Tulipiga kelele mpaka darasa la pili wakakuja kuchungulia.

Huyo Nashipae alimaliza sekondari, akaenda chuo cha ualimu, na Januari hii aliletwa kufundisha hapa hapa. Mwalimu wa darasa la nne! Nashipae, simama wakuone. Asimame basi! Ni aibu tu anaona.

MENGINE UMETUFANYIA

Tangi la maji, tunakunywa. Choo cha wasichana chenye mlango unafunga, na wasichana wanajua maana yake. Na haya madarasa mawili utafungua leo, na vioo kwa dirisha, sio magunia. Asante. Asante tena. Tungeendelea lakini mwalimu mkuu anatuangalia.

KITU KIMOJA KINATUSUMBUA

Mheshimiwa, kama unavyojua, mwaka jana mvua ilikataa tena. Watoto thelathini na nane wa shule hii wameenda na ng'ombe. Nashipae anaita majina yao kila asubuhi, hata ya madarasa mengine, vile alifundishwa.

Wiki mbili zimepita barua ikatoka kwa kamati ya elimu, ile wewe ni mwenyekiti. Inasema mtoto akikosa siku thelathini, jina likatwe na nafasi apewe mwingine. Siku ya mwisho ni Ijumaa ijayo. Mwalimu mkuu ameagizwa, hatumlaumu. Alimwambia Nashipae, "Mwalimu, kata tu. Watajiandikisha upya."

"Wapi, mwalimu? Watoto sitini wanangoja nafasi."

Nashipae alisoma barua mpaka chini, akaona sahihi. Aliitambua kabla ya kusoma jina: ile M yenye mkia mrefu, iko kwa kila ripoti yake kutoka darasa la tatu mpaka la sita. Aliikunja, akaiweka ndani ya rejista, akaita majina. Ya wote.

Sisi tunajua kazi ya diwani ni karatasi juu ya karatasi. Tunaamini siku hiyo zilikuwa nyingi.

OMBI LETU

Tulikuwa tumeandika maombi sita: umeme, uzio, mpaka mpira wa netiboli. Tumeyafuta. Tuko na moja tu.

Hata hao sitini wanaongoja ni wetu. Wengi ni wa sisi tuliohamia, kina Kimani na kina Mukai. Hatutaki wakose shule. Lakini madarasa mawili mapya yanawatosha, tumepima madawati mara mbili. Hakuna mtoto anahitaji kufutwa ndio mwingine akae.

Sasa hii haiko kwa karatasi, imeingia asubuhi tukipanga viti! Baba ya Nashipae amepiga simu akiwa Bisil. Imenyesha, Mheshimiwa! Alikuwa anapiga kelele kwa simu, ng'ombe wanalia nyuma yake, hatukusikia nusu. Lakini hii tulisikia: wako njiani, wote thelathini na nane, na watafika Jumamosi ijayo.

Majina yanakatwa Ijumaa. Watoto wanafika Jumamosi.

Mzee Lesiamon amekataa tukuache ukate utepe kwanza. Anasema utepe unaweza kungoja. Barua ya kuondoa lile agizo tumeichapa, ni mistari mitatu, iko hapo mbele yako chini ya glasi ya maji. Nashipae ndiye amekuja na kalamu. Tunakuomba usome kwanza, halafu uamue wewe mwenyewe, mwalimu wetu.

Enkai akuongezee siku, wewe na nyumba yako. Na yeye aliyetuletea mvua awafikishe watoto wetu nyumbani salama.

Ni sisi wako, wazazi na wanafunzi wa zamani,
Shule ya Msingi Olkeju, Kitengela.
Imesomwa na katibu, Evalyne Mwihaki.